Usiulize ni simu gani, uliza umepewa nafasi kiasi gani

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo ni kupanga muonekano wa apu ukae vizuri kwenye skrini za kila aina. Nianze na kosa langu mwenyewe. Apu yangu ya kwanza niliipanga kwa pikseli, vile vidoti vinavyounda picha kwenye skrini, kitufe upana pikseli 300, kwenye simu yangu kimekaa freshi kabisa, nikampa rafiki afungue kwenye simu yake yenye skrini kali zaidi, kitufe kimekuwa kadogo mpaka ubonyeze kwa ukucha.

Shida ni kwamba pikseli haina saizi moja. Skrini mbili zinaweza kulingana ukubwa mkononi ila moja ina pikseli 160 kwa kila inchi na nyingine 480, kwa hiyo zile 300 zangu huku ni karibu inchi mbili, kule hata inchi moja hazifiki. Ndo maana Android kuna kipimo kinaitwa dp: dp 1 ni pikseli 1 kwenye skrini ya 160, kwenye ya 480 inakuwa pikseli 3, simu inapiga hesabu yenyewe. Apple nao wana kipimo chao kama hicho, pointi, iPhone ya 2007 ilikuwa pointi 320 kwa 480, na iPhone 4 ilipotoka 2010 pikseli ziliongezeka mara mbili kila upande ila pointi zikabaki zilezile, apu za zamani hazikuharibika.

Sasa hapa ndo wengi wanajidanganya, wakishaijua dp wanadhani wamemaliza. Bado! Dp inatibu ukali wa skrini, haitibu upana. Google wanagawa hivi: chini ya dp 600 ni nafasi finyu, 600 mpaka 839 ya kati, kuanzia 840 pana. Na sikilizeni vizuri, ni upana wa dirisha la apu, sio wa kifaa. Mtu ana tableti kubwa lakini kaigawa skrini afungue apu mbili, wewe umebaki na nafasi ya simu, mwingine ana simu ya kukunja kaifungua katikati ya kazi, ukiwa umeandika "kama ni tableti weka safu mbili" umeliwa. Pima nafasi. Tuseme ni apu ya barua pepe: ikiwa finyu onyesha orodha ya barua peke yake, ikiwa pana weka orodha kushoto na barua yenyewe kulia, ila usiivute tu orodha mpaka mistari iwe mirefu kama reli.

Halafu fonti. Maandishi tumia sp, kipimo kama dp ila cha maandishi, maana yanafuata saizi aliyochagua mtumiaji kwenye simu yake, na tangu Android 14 anaweza kuyakuza hadi asilimia 200, kwa hiyo kitufe ukikifungia urefu maneno yatakatwa.

Ehee, dada pale anauliza, si nifunge tu apu isigeuke simu ikilazwa, yaishe? Kwenye simu ya kawaida sawa. Ila apu ikishalenga Android 16, yaani ukitangaza imetengenezwa kwa toleo hilo, kwenye skrini ambayo upande wake mfupi unaanzia dp 600 mfumo unalipuuza hilo katazo lako, ukiacha magemu, na njia ya kujitoa ipo ila ni ya muda tu.