Sinia la Jirani: Kula Clarkston na Barabara ya Buford

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ndugu zangu wa Goma, Uvira na Bukavu, jambo yenu. Wazee mliotangulia, shikamooni.

Nimeombwa niseme habari za mahali pa kula katika vitongoji hivi vyetu vya Atlanta. Niliendesha teksi hapa kwa miaka 14, na dereva wa teksi huujua mji kwa tumbo. Abiria unamshusha saa saba usiku, njaa inauma, nyumbani ni mbali, na mwenzako wa Ethiopia au Bangladeshi anakupigia simu: njoo huku, jiko bado liko wazi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kula.

Nianze na sambusa, maana hiyo kila mmoja wetu anaijua. Hapa Clarkston, bila hata kuwasha gari, mnaweza kula sambusa za aina tatu mchana mmoja. Kwa Msomali utakuta manda nyembamba kama zetu, nyama ya kusaga, kitunguu kingi na bizari. Kwa Mhabeshi ndani mna dengu na pilipili mbichi. Kwa Mnepali unga ni mzito, umekandwa na mafuta, umekunjwa kama koni ukasimama wima, na ndani ni viazi na binzari nyembamba. Neno lenyewe walikuwa nalo Waajemi. Likapita kwa Waarabu, likashuka na bahari hadi kwetu, likapanda India likawa samosa. Basi watu hawa mnaopishana nao kwenye ngazi za apatimenti, mnaoinamisha kichwa mkipita, wamekulia chakula kilekile mlichokulia ninyi. Mimi nawauliza: ni wangapi humu mmeshaonja sambusa ya jirani? Naona mikono sita. Tuko watu zaidi ya mia.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Tumekaa katika mji ambao watu hupanda ndege kuja kula, na sisi tunaokaa humo tunakwenda kununua kuku wa kukaanga wa dirishani.

Kwanza tujue ilikuwaje. Clarkston ni mji mdogo kweli, una watu karibu 15,000, na sifa iliyotangaa ni kwamba ni maili moja ya mraba yenye watu mchanganyiko kuliko pengine popote Marekani. Haikupangwa na mtu iwe hivyo kwa sababu ya chakula. Apatimenti hizi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Atlanta. Weupe wengi wakahamia mbali zaidi, vyumba vikabaki vitupu, kodi ikawa ndogo, na basi la mjini lilikuwa linafika. Sheria ya wakimbizi ya Marekani ilipopitishwa mwaka 1980, mashirika ya kuwapokea wageni yalikuwa yanatafuta mahali pa namna hiyohiyo. Wakaja Wavietnamu, wakaja Wabosnia, Wasomali, Wahabeshi na Waeritrea. Kuanzia mwaka 2008 wakaja wale wanaotoka Bhutan wanaozungumza Kinepali, waliokaa makambini mashariki ya Nepali tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Wakaja Waburma. Kisha mkaja ninyi, kutoka makambi ya Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Kyangwali.

Kila kundi likileta watu, miaka miwili mitatu baadaye huleta sufuria. Mwanzo mama anapika nyumbani, anauza kwa waumini wenzake baada ya ibada. Halafu anapata kachumba katika safu ya maduka ya zamani, yale yaliyopangana mstari mmoja na uwanja wa magari mbele. Duka la nguo limefungwa, kodi si kubwa, anaweka meza nne. Ndiyo maana chakula kizuri cha huku hakikai kwenye jengo zuri. Mkiona taa ya mlangoni imekatika nusu na ndani watu wamejaa, ingieni.

Kwa Wasomali ingieni mchana. Agizeni bariis, wali wa xawaash, yaani mchanganyiko wa viungo vyao, na nyama ya mbuzi iliyopikwa ikalegea mfupani. Mtaletewa ndizi mbivu pembeni, na msiile mwisho kama tunda. Inakatwa vipande, inaliwa pamoja na wali, utamu wake ukikutana na pilipili ya basbaas. Wapo pia wanaopika tambi, baasto, kwa sababu Waitalia waliwatawala kusini mwa nchi yao, na wanaipika kwa bizari zao mpaka Mwitaliano asiitambue. Tena jambo moja: jaribuni Kiswahili. Wengi wao wamekulia kambi ya Dadaab, wamesoma shule za Kenya, na wanakizungumza vizuri. Niliwahi kuagiza kwa Kiingereza cha kuchovya, mama akaniuliza, "Kwani wewe mwanangu huna Kiswahili?"

Kwa Wahabeshi nendeni wengi, maana chakula chao ni cha sinia. Injera inatandazwa, mchuzi unamwagwa juu yake, na mnakula kwa mkono wa kulia, kama tunavyokula wali kwenye sinia pwani. Ile chachu inayowashitua wengine ni unga wa teff, nafaka ndogondogo ya kwao, uliochachushwa siku kadhaa. Wanaofunga au wasiokula nyama waulize chakula cha mfungo. Waorthodoksi wa Ethiopia hawagusi nyama wala maziwa Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo mapishi yao ya dengu, shiro ya unga wa jamii ya kunde, kabichi na mboga za majani yamekomaa kwa karne nyingi. Si chakula cha mtu aliyekosa nyama.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipokea simu ya msiba kutoka Tanga. Mama amefariki, na mimi sina nauli wala karatasi za kunirudisha. Madereva wenzangu Wahabeshi walinichukua wakanikalisha kwenye mgahawa mmoja mdogo. Sikuwa nakula. Mama mwenye mgahawa akatoka jikoni, akakata injera, akaviringisha na doro wat, mchuzi wao wa kuku, akanitia tonge mdomoni kwa mkono wake. Wanaiita gursha. Sikujua neno hilo siku ile. Nilijua tu kwamba nimelishwa, na mwenye kunilisha hatujui lugha moja. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia chakula cha watu fulani kinanuka, namjibu kwa ukali, na leo nasema hivyo mbele yenu.

Kwa Wanepali kuna momo. Ni vidonge vya unga mwembamba vilivyofinyangwa mikunjo juu, ndani kuku au mboga, vikapikwa kwa mvuke. Siri iko kwenye achari: nyanya ya kuchoma, ufuta, na punje za timur zinazofanya ulimi ufe ganzi kidogo. Kathmandu Kitchen hapahapa Clarkston ni mahali pazuri pa kuanzia. Na mkitaka kukaa bila haraka, ile Refuge Coffee iliyoko kwenye kituo cha zamani cha mafuta inaajiri na kufundisha vijana wakimbizi. Kahawa yao ni nzuri, na wengine wenu watoto wenu wamepita pale.

Sasa mtasema, na sisi? Sombe yetu iko wapi? Iko. Mkongo anaiita sombe, akihamia Kinshasa anaiita pondu, Mtanzania anaiita kisamvu, na wote tunatwanga majani yaleyale ya muhogo. Zipo nyumba hapa zinazopika sombe yenye mawese, bugali na ndagala, tena vizuri kuliko nilivyokula Kigoma. Lakini wengi wenu bado mnauza kwa simu na kwa mlango wa nyuma, na jirani Mnepali hajui kama mpo. Wekeni meza nne na ninyi, wapikaji mnao.

Majani yenyewe hugandishwa na kuuzwa kwenye maduka ya Kiafrika. Muhogo, ndizi za kupika, bamia, samaki wa kila namna, nendeni Your DeKalb Farmers Market, kule njia ya Decatur. Soko hilo lilianza mwaka 1977 kama genge la mboga, leo ni ghala zima lenye bendera za nchi juu kwenye dari. Wafanyakazi huvaa kibandiko kifuani kinachotaja lugha wanazozungumza. Siku ya kwanza nilikwenda kutafuta nazi, nikasoma kifua cha mtu "Swahili", nikasimama pale kwenye samaki nikazungumza naye mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Tutoke Clarkston. Kama hamjafika Barabara ya Buford, kule vitongoji vya Chamblee na Doraville, hamjaujua mji huu. Ni barabara pana, ngumu kuvuka kwa miguu, na nawaomba mvuke kwenye taa tu, watu wengi wamegongwa pale. Doraville palikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors tangu mwaka 1947, kikafungwa mwaka 2008. Apatimenti za kando ya barabara zilikaliwa na wafanyakazi, kisha wakimbizi kutoka Vietnam na Kambodia, kisha Wakorea na Wachina wenye maduka, kisha Wamexico na Waguatemala, wengi wao wakivutwa na kazi za ujenzi kabla ya Olimpiki ya hapa Atlanta ya mwaka 1996. Basi la barabara hiyo, ambalo kwa miaka mingi limekuwa namba 39, hujaa wapishi na waosha vyombo alfajiri na usiku.

Kule mtu wa pwani aanze na pho, supu ya Wavietnamu. Mifupa ya ng'ombe inachemshwa kwa saa nyingi na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni kwanza, mdalasini, karafuu. Ukiinamia bakuli ni kama umeinua mfuniko wa pilau! Tambi ni za mchele. Unajikamulia ndimu mwenyewe, unatia majani mabichi na pilipili. Mkate wao wa bánh mì ni mkate wa Kifaransa waliourithi kwa mkoloni, wakautia achari ya karoti na figili.

Kwa Wamexico nendeni Plaza Fiesta, Chamblee, Jumapili alasiri, familia zikiwa zimetoka kanisani. Mtakuta mahindi yenye ndimu na pilipili, na nani hapa hakuyala hayo barabarani akiwa mtoto? Wao wanaongeza jibini. Mtakuta kinywaji chekundu wanachokiita jamaica, nacho ni rozela yetu ileile. Ile nyama inayozunguka kwenye mshikaki wima, al pastor, ilizaliwa na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni waliofika Mexico. Waislamu mjue kwamba Wamexico waliigeuza ikawa nguruwe, kwa hiyo msidanganywe na umbo. Kokote mwendako ulizeni kama nyama ni halali, kwa adabu. Hakuna mpishi aliyenikasirikia kwa swali hilo.

Halafu Food Terminal, pia Chamblee, chakula cha Kimalesia. Agizeni roti canai. Ni chapati ya tabaka, inapigwa na kutandazwa hewani mpaka iwe kama shuka, inaliwa na mchuzi. Walioipeleka Malesia ni Waislamu kutoka kusini mwa India. Na pale LanZhou Ramen, Doraville, tambi zinavutwa kwa mkono, unga ukipigwa mezani puu, mkononi mwa mtu mmoja unazaa nyuzi kwa nyuzi. Watoto wapelekeni wakaone. Mji wa Lanzhou uko kaskazini magharibi mwa China, na supu hiyo ya ng'ombe ni sanaa ya Waislamu wa Kihui.

Mniruhusu niseme na la kuuma. Ardhi ya kile kiwanda cha magari leo ina studio za filamu, na kandokando yake bei zinapanda. Apatimenti za zamani zinavunjwa, na pamoja nazo wanaondoka waliokuwa wakila na kupika. Ule mgahawa nilimolishwa tonge haupo tena. Mwenye jengo alipandisha kodi karibu mara mbili, mama akarudisha funguo, na sasa anakaa kwa mwanawe jimbo jingine. Sikupata hata kumuaga. Migahawa hii haina akiba. Wiki tatu za meza tupu zinatosha kuiua, na watu wa kuzijaza meza hizo ni sisi tunaokaa karibu, kabla ya wageni wanaokuja na kamera.

Kwa hiyo nimepanga safari. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, tukutane kwenye uwanja wa magari wa ukumbi huu. Nina gari la viti saba, na Bwana Mchungaji ameniahidi basi dogo la kanisa. Tunaanza na pho, tunatembea kidogo, tunamaliza Plaza Fiesta. Kila mtu aje na noti ndogondogo, maana baadhi ya maduka hayapokei kadi, na aache bahashishi. Mama Furaha, wewe uliyesema huli kitu usichokijua jina, utakaa karibu nami.