Bahari Ipo, Bwawa Ndilo Shida
(Mhadhara kwa wazazi na makocha wa klabu za kuogelea)

Asanteni. Kaeni tu, jamani. Leo nazungumzia kuogelea kwa mashindano katika visiwa vya Karibi, na nitaanza na mbio moja ambayo vijana wengi humu ndani hawakuwa wamezaliwa.

Seoul, Septemba 1988. Fainali ya wanaume, mita 100, mtindo wa kipepeo. Matt Biondi wa Marekani anaongoza na hakuna aliye na wasiwasi naye. Zimebaki mita chache. Biondi amemaliza kupiga mikono, ukuta bado kidogo: akipiga tena, nafasi haitoshi; asipopiga, itabidi ateleze mpaka auguse. Akaamua kuteleza. Kwenye njia nyingine alikuwapo kijana wa Suriname, Anthony Nesty, ambaye mikono yake ya mwisho ilitua ukutani barabara. Ubao ukaonyesha Nesty sekunde 53.00, Biondi 53.01. Nesty alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea kwa mtu mmoja mmoja, na alitoka nchi ya watu kama laki nne, yenye bwawa moja tu la mita 50.

Najua yuko atakayesema Suriname si kisiwa. Kweli, iko bara, kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Lakini ni mwanachama wa Jumuiya ya Karibi, na ukienda Barbados au Trinidad ukazungumza na watu wa kuogelea, Nesty ni wao.

Tatizo ni vile hadithi hii inavyosimuliwa. Kila kiongozi wa michezo wa visiwa vile anaipenda: bwawa moja, mtoto mmoja, dhahabu. Basi pesa za nini? Wanachosahau kusema ni kwamba Nesty alipelekwa Florida akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akasoma shule ya Bolles pale Jacksonville, shule ambayo kuogelea kwao ni kama mpira kwetu. Bwawa moja la Suriname lilimwanzisha. Aliyemmalizia ni Marekani.

Naomba tulishike hilo, maana hoja yangu yote ya leo imo humo.

Twende kisiwani sasa. Chukueni Saint Lucia, watu wasiofika laki mbili. Au Grenada, ambayo ni ndogo zaidi ya hapo. Ukishuka uwanja wa ndege unaona maji pande zote na kujiambia: hapa kila mtoto ni samaki. Sivyo. Watu wa Barbados wana msemo wao, kwamba bahari haina mlango wa uani. Ukiingia vibaya, hakuna pa kutokea. Bibi anamwambia mjukuu hivyo, na mjukuu anakua akiijua bahari kama mahali pa wavuvi na watalii. Sisi wa pwani tusicheke; tunao wajomba waliokula bahari maisha yao yote na hawajui kuogelea.

Na mabwawa? Yapo tele, hotelini. Lakini bwawa la hoteli limechorwa kama figo, lina kaunta ya vinywaji katikati, na mtoto akipiga mikono kumi na tano amemgonga mgeni kutoka Uingereza. Hapo hufundishi mtu mashindano. Vilabu vyenye mabwawa ya kweli, enzi za ukoloni, vilikuwa vya watu wachache, na harufu ya mambo hayo haijaisha: mzazi wa kawaida bado anaona kuogelea ni mchezo wa watoto wa kina fulani. Hata nywele zimo. Mwaka 2021 shirikisho la dunia lilikataa kofia pana zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele zetu zisitumike Olimpiki ya Tokyo; likazikubali mwaka uliofuata. Msichana wa miaka kumi na tatu anayesokota nywele alielewa ujumbe ule bila kufafanuliwa.

Sasa bwawa lenyewe. Tupige hesabu ya haraka. Mita 50 kwa 25, kina mita 2: hayo ni mita za ujazo 2,500, yaani lita milioni mbili na nusu. Antigua na Barbados wanasafisha maji ya bahari wapate ya kunywa, na wewe unaomba lita milioni mbili na nusu za kuogelea. Pampu za kuchujia maji haziruhusiwi kulala, na umeme visiwa vingi unatokana na mafuta yanayoletwa na meli. Klorini nayo inakuja na meli. Kibao kimoja cha pampu kikiungua unasubiri meli. Halafu chumvi ya hewani inakula vyuma. Halafu vimbunga: Ivan, mwaka 2004, kilibomoa au kuharibu karibu nyumba tisa kati ya kumi za Grenada. Waziri gani atasimama bungeni mwaka huo aombe bwawa?

Kwa hiyo wengi wanabaki na bwawa la mita 25. Na hapa nataka nikae kidogo, maana wazazi huniuliza kila mara, "Kocha, si ni maji yale yale?"

Si yale yale. Mtoto anayeogelea mita 200 kwenye bwawa la 25 anageuka ukutani mara saba. Kwenye la 50 anageuka mara tatu. Kila anapogeuka anajisukuma kwa miguu, anapiga teke chini ya maji kama pomboo, anapata mapumziko ya mikono na kasi ya bure. Sheria inamruhusu kukaa chini mpaka mita 15. Mtoto wa bwawa fupi anakuwa fundi wa kuta. Mpeleke sasa kwenye bwawa refu. Mita 25 za kwanza yuko na wenzake. Ya thelathini, mwili unatafuta ukuta ambao haupo. Ya arobaini, mabega yanapanda, mkono unaingia majini umechoka, kichwa kinanyanyuka kutafuta mwisho uko wapi. Nimesimama kando ya bwawa nikaliona hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kumwonyesha mzazi mahali mtoto wake atakapoishiwa nguvu, kabla hajaruka.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Alia Atkinson wa Jamaica alishinda ubingwa wa dunia Doha, Desemba 2014, mita 100 mtindo wa chura, kwa dakika 1 na sekunde 2.36, akaifikia rekodi ya dunia. Mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia katika kuogelea. Bwawa gani? La mita 25. Miaka miwili kabla ya hapo, Olimpiki ya London, kwenye bwawa la 50, alikuwa wa nne. Jordan Crooks wa visiwa vya Cayman, Desemba 2024 kule Budapest, akawa mwanamume wa kwanza kuogelea mita 50 chini ya sekunde 20: 19.90. Bwawa la 25 tena. Olimpiki ya Paris miezi michache kabla alifika fainali, jambo kubwa mno kwa visiwa vile, lakini medali hakuipata. Sisemi bwawa la utotoni ndilo limeamua kila kitu. Alia alifundishwa Florida, na vyuo vya Marekani navyo vinashindana kwenye mabwawa mafupi. Nasema tu, mimi nikiona rekodi zote mbili ziko upande mmoja, sijifanyi sijaona.

Tukija kwenye safari, mniwie radhi nitakuwa mfupi kwa sababu inaniudhi. Muda wa kufuzu Olimpiki lazima upatikane kwenye bwawa la mita 50, kwenye mashindano yaliyoidhinishwa. Kisiwa kisicho na bwawa hilo lazima kipande ndege. Shirika la ndege la LIAT lililokuwa likiunganisha visiwa vidogo lilianguka mwaka 2020, na tangu hapo kwenda kisiwa unachokaribia kukiona kwa macho kunaweza kukupitisha Miami.

Na bado sijafika kwenye shida yenyewe.

Mtoto wa kisiwani ana miaka 16. Pasaka anaogelea mashindano ya Carifta, ya vijana wa Karibi, anaiwakilisha nchi. Mei na Juni ana mitihani ya Baraza la Mitihani la Karibi; wazazi wa Kidato cha Nne hapa mnajua nyumba inakuwaje. Wengi wanaacha maji hapo hapo. Wanaobaki ni wale wenye nafasi ya kupata ufadhili Marekani. George Bovell wa Trinidad, shaba ya Athens 2004, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn. Arianna Vanderpool-Wallace wa Bahamas, Auburn vilevile. Atkinson, Texas A&M. Crooks, Tennessee. Mkenya wetu Jason Dunford, fainali ya Beijing 2008, Stanford. Njia ni hiyo hiyo. Na si jambo la jana: Enith Brigitha wa Curaçao alihamia Uholanzi akiwa msichana, akachukua shaba mbili Montreal 1976, na bendera iliyopanda ilikuwa ya Uholanzi.

Siwalaumu hata mmoja. Ningekuwa baba yao ningewapeleka mwenyewe. Ila anapoondoka mtoto wa miaka 17, hakuondoka muogeleaji peke yake. Miaka minne mingine atajifunza namna ya kupanga mazoezi ya wiki, namna ya kusoma video ya chini ya maji, lini apumzishwe. Hayo ndiyo yanayomtengeneza kocha, na yanabaki huko. Kisiwani anarudi Desemba kusalimia, anapigwa picha na waziri. Asubuhi yake, kwenye njia sita zenye watoto arobaini, anayeshika saa ni mzazi aliyetoka kazini, anajitolea, Mungu ambariki, na anafundisha alichofundishwa mwaka 1990.

Ndiyo maana Trinidad walipofungua kituo kikubwa cha kuogelea pale Couva mwaka 2016, nilifurahi nusu. Jengo zuri. Lakini mimi ningepewa pesa za bwawa la mita 50 na kisiwa cha watu laki moja, ningetengeneza pampu za lile la 25, kisha ningeajiri makocha wawili kwa mshahara wa kumfanya mtu arudi nyumbani, kwa miaka kumi. Mnaweza kunipinga, na natumaini mtanipinga sasa hivi.

Nesty je? Yuko Florida mpaka leo, kocha wa chuo kikuu. Paris 2024 alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani, ile ile aliyoipiga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Paramaribo waliupa ukumbi wa michezo jina lake. Mle ndani hamna bwawa. Wanacheza mpira wa kikapu.

Naona mama kule nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mama.