Kipima unyevu kipya: jinsi ya kukilinganisha na udongo wa kitalu chako

Assalaam alaykum watazamaji wetu, karibuni tena karakanani, hapa Chake Chake. Toleo jipya la kipima unyevu wa udongo liko tayari, ndilo hili. Yaliyobadilika ni mawili. Kingo za ubao tumeziziba kwa epoksi mpaka pale waya zinapoingia, na ndani kuna chipu ya TLC555, ambayo volti 3.3 zinaitosha. Vipima vingi vya bei rahisi vina NE555, na hiyo haitaki chini ya volti 4.5. Ukiipa 3.3 inatoa namba ovyo, halafu udongo ndio unaolaumiwa.

Lakini hata kipima kizuri hakiujui udongo wako. Maji ya asilimia 15 kwenye kichanga, mche unakunywa bila taabu. Asilimia hiyo hiyo kwenye kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, mche unanyauka, maana kinamo kinayashika maji na hakiyaachii. Na kinachotoka kwenye kipima si asilimia, ni namba tu. Leo tunatafuta asilimia yake, kwa kinongo, yaani udongo tifutifu, cha kitalu cha mikarafuu.

Tayarisha udongo kilo 3 uliochekechwa, ndoo ya plastiki, beseni pana na mizani ya jikoni. Ndoo isiwe ya bati, kwa sababu chuma kinavuruga usomaji. Sisi tunapenda ndoo nyeupe, alama inaonekana vizuri. Maji yawe yale yale unayomwagilia. Kama kisima chako kiko karibu na pwani na maji yana chumvi, tumia hayo hayo: kipima kinafanya kazi kwenye masafa ya chini, kama megahezi 1.5 hivi, na kwenye masafa hayo chumvi inahesabika.

Waya: mwekundu kwenye 3.3, mweusi kwenye hasi, wa njano kwenye pini 34 ya ESP32, ile bodi ndogo ya kompyuta inayosoma kipima. Usichague pini yoyote tu, kwani kundi la pili la pini za kusomea volti halisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Programu inasoma mara 20 na kukuonesha namba ya katikati.

Soma hewani, andika. Kitie kipima kwenye bilauri ya maji mpaka kwenye mstari wake, si zaidi, soma, andika. Namba inashuka maji yanapozidi, usishtuke.

Sasa udongo. Ukaushe kwenye oveni, nyuzi 105, saa 24. Ukianika juani tu, unabaki na maji kidogo ndani yake, kinamo hasa, na hesabu yako yote itaanza na kasoro hiyo.

Weka ndoo kwenye mizani, rudisha sifuri, mimina maji kilo 2. Hizo ni lita 2. Piga alama kwa kalamu pale maji yalipofika, mwaga, kausha ndoo. Halafu pima udongo mkavu kilo 2.4, utie kwa matabaka matatu, kila tabaka ulishindilie kwa kitako cha chupa mpaka wote ukae sawa na alama. Hapo una gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo.

Na hapa tafadhali sikiliza. Kipima kinaingia wima, kwa mkono mmoja uliotulia, mara moja. Usikitikise. Usikizungushe. Kikigoma usikisukume kwa kukiyumbisha, kitoe, tengeneza tundu jembamba kwa kisu chembamba kuliko kipima chenyewe, kisha kirudishe. Sababu ni kwamba kinahisi milimita chache tu za udongo zilizokigusa. Kipimo cha umeme kinachotofautisha vitu hivi, kwa maji ni karibu 80, kwa udongo mkavu ni 3 mpaka 5, kwa hewa ni 1. Uwazi mwembamba wa hewa pembeni unatosha kuufanya udongo uliolowa usomeke mkavu.

Andika namba. Mimina udongo wote kwenye beseni, nyunyiza maji gramu 100, changanya kwa mikono miwili, vunja madonge yote. Funika kwa nailoni nusu saa. Kinamo kiache kilale usiku mzima. Rudisha ndoo, shindilia mpaka alama ile ile. Gramu 100 ndani ya lita 2 ni asilimia 5 ya ujazo. Kabla ya kusoma, pima uzito: uwe kilo 2.5. Ukikuta 2.48, gramu 20 zimepotea njiani, basi andika asilimia 4, usiandike 5.

Rudia 10, 15, 20... ngoja. Kamera sogea hapa. Tumefika 20 na namba imepanda badala ya kushuka. Tazameni kando ya kipima, huo ufa. Mwembamba kama uzi, lakini ndio huo. Kipima kimeyumba kilipoingia. Usijaribu kuuziba kwa kidole, kwani utashindilia upande mmoja tu. Tunamimina wote, tunashindilia upya, tunakiingiza tena. Wima. Bila kukitikisa. Sasa imeshuka, tunaendelea mpaka 35.

Chora namba na asilimia kwenye karatasi ya miraba. Mstari utapinda, uache upinde. Ukilazimisha unyooke, utakosea pale katikati unapouhitaji zaidi. Nyuma ya kila kipima kuna namba yake, iandike juu ya mchoro, maana mchoro wa kimoja hautumiki kwa kingine.

Kwenye kiriba, kiweke katikati ya shina na ukuta wa nailoni. Kikigusa ukuta kinasoma hewa ya nje. Soma asubuhi kabla jua halijachoma, kwa sababu joto nalo linasogeza namba.

Wenye toleo la zamani, paka kingo rangi ya kucha mara mbili, acha mpaka kesho, kisha soma upya hewani na majini. Namba hizo mbili zikihama, mchoro wa zamani hautumiki tena. Chora mwingine.