Kuchanganya tumbaku tamu ya kiko nyumbani, hatua kwa hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani nina mizani ya jikoni, bakuli pana la kioo, mitungi miwili ya kioo yenye mifuniko ya kubana, chupa ndogo ya kupulizia, glavu, na tumbaku ya aina tatu. Tukimaliza tutakuwa na gramu 100 za mchanganyiko wenye harufu ya vanila, mtamu kiasi.

Kwanza hili, na sitalirudia. Video hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta kiko. Tanzania na Kenya sheria inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, na Uganda ni 21. Wapo wanaosema kiko hakina madhara kwa kuwa moshi hauingizwi mapafuni. Si kweli. Saratani ya mdomo na ya koo inawapata wavuta kiko vilevile. Kama hujaanza, usianzie hapa.

Haya, tuingie kazini.

Wengi wanapofungua kopo la tumbaku tamu, liwe la Marekani au la Denmark, wanapokelewa na harufu ya cheri, vanila au chokoleti. Wanawasha, wanavuta, na wanachokipata ni mvuke wa moto na ulimi unaowaka. Cheri haionekani. Wanadhani wameuziwa kitu kibovu, kumbe ndivyo tumbaku hizi zilivyo: sehemu kubwa ya ile harufu wanaisikia waliokaa karibu nawe, si wewe mwenye kiko. Mvutaji mwenyewe anaonja jani, sukari iliyomo ndani ya jani, na joto la moto wake. Kwa hiyo muda mrefu tutautumia kwenye majani. Vanila itakuja mwishoni, na itakuwa kidogo sana.

Sasa angalieni hizi rundo tatu.

Hii ya manjano yenye rangi ya chungwa kwa mbali ni Virginia. Watazamaji wa Tabora, Urambo na Kaliua mnaijua kwa jina la tumbaku ya mvuke. Inakaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kwa hewa ya moto, kazi ya takriban wiki moja. Mwanzoni joto linakuwa dogo, jani linageuka manjano huku wanga wake ukigeuka sukari. Kisha joto linapandishwa, jani linakauka na sukari inabaki humo humo. Ndiyo maana Virginia ni tamu hata bila kuongezewa kitu. Ubaya wake ni mmoja: ukiivuta kwa pupa inaunguza ulimi kuliko zote.

Hii ya kahawia ni Burley, tumbaku ya hewa. Majirani zetu wa Malawi wanailima kwa wingi. Inatundikwa kivulini kwa wiki kadhaa, inakauka polepole bila moto, na katika muda wote huo jani linaitumia sukari yake mpaka karibu inakwisha. Ukiivuta peke yake inakupa ladha ya karanga au ya kakao chungu, kavu kabisa. Lakini ina sifa moja ambayo viwanda vinaipenda sana: inafyonza. Ukiipa maji ya sukari inayanywa yote. Pia ina nikotini nyingi, na moshi wake si wa asidi kama wa Virginia, kwa hiyo nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo kwa urahisi zaidi. Ukizidisha Burley utasikia kizunguzungu na kichefuchefu, hata kama hukumeza moshi.

Ya tatu, hii nyeusi inayong'aa, ni kavendishi nyeusi. Hakuna mmea wa namna hiyo shambani. Ni Burley au Virginia iliyolainishwa, ikapikwa kwa mvuke mpaka ikawa nyeusi, na ikakandamizwa. Wamarekani mara nyingi wanatumia Burley na kuitia sukari nyingi, wakati Waingereza kwa desturi yao wanatumia Virginia na hawaongezi mengi. Ikishapikwa hivyo ukali unaondoka, ladha inapoa, na moshi unakuwa mzito na laini. Hii inunue tayari. Kuipika mwenyewe kunahitaji mvuke wa shinikizo kwa saa nyingi, na nyumba nzima itanuka wiki.

Kuna watu wataniuliza kama wanaweza kwenda kwa mkulima Urambo wakachukua kilo mbili. Hapana. Tumbaku ya mkulima inauzwa kwa mkataba kupitia chama cha msingi cha ushirika, na hata ukiipata, jani lililotoka bani msimu huu bado ni kali mno. Viwanda vinaliweka ghalani mwaka mmoja, miwili au zaidi ndipo linatulia. Na tumbaku ya moshi, ile ya Songea na Namtumbo, msiiguse kwa mchanganyiko wa leo. Ni tumbaku nzuri sana kwa kazi nyingine, ila harufu yake ya kuni itaifunika vanila yote.

Hatua ya kwanza: onja kila jani peke yake. Najua mna haraka ya kuchanganya, lakini asiyejua ladha ya Burley tupu hatajua kwa nini mchanganyiko wake umekuwa mchungu. Tumia kiko cha gunzi la mahindi. Kampuni ya Missouri Meerschaum, katika mji wa Washington huko Missouri, inavitengeneza tangu mwaka 1869, na bado ni vya bei ndogo. Kiko cha mbao ya briari kinashika harufu: ukivuta kitu chenye manukato makali leo, utakisikia tena mwezi ujao ndani ya tumbaku nyingine. Cha gunzi kikichafuka unakitupa bila majonzi. Vuta nusu kiko cha kila aina, siku tofauti, na uandike ulichokionja.

Hatua ya pili ni kuilisha Burley. Vaa glavu kwanza, kwa sababu nikotini inapenya ngozi, hasa jani likiwa na maji. Pima gramu 20 za Burley. Kwenye kikombe weka nusu kijiko cha chai cha sukari guru iliyokunwa, robo kijiko cha chai cha kakao isiyo na sukari, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya moto. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Sukari nyeupe inafaa pia, ila sukari guru ina ule uzito wa molasi, na molasi ni kiungo cha zamani sana kwenye kazi hii, pamoja na urukususu, ule mzizi mtamu. Tia maji haya kwenye chupa ya kupulizia na upulize huku ukigeuza majani. Kakao ikiziba chupa, nyunyiza kwa vidole tu. Funika, acha saa moja.

Ukifunua utaona bakuli ni kavu na jani ni zito. Imekunywa.

Sasa weka sufuria pana kwenye moto mdogo kabisa, bila mafuta. Fungua madirisha. Mimina Burley na uigeuze kwa mwiko bila kusimama, dakika chache, mpaka ukiigusa haikunati mkononi. Unataka harufu ya mkate unaookwa. Ukisikia harufu ya sukari iliyoungua umechelewa, tupa uanze tena, maana uchungu ule hautoki. Viwandani wana mashine zao za kuikausha Burley kwa joto, lakini lengo ni lilelile: kupunguza ukali na kuishikisha sukari kwenye jani.

Hatua ya tatu, kuchanganya. Gramu 50 za kavendishi nyeusi, gramu 30 za Virginia, na ile Burley yetu iliyotokana na gramu 20. Changanya kwa vidole, inua na uachie, usiponde. Uwiano huu wa 50, 30 na 20 si sheria, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Kavendishi inatoa ulaini na moshi, Virginia inatoa utamu wa kweli, Burley inabeba manukato na kuufanya moshi uwe na mwili. Ikibidi kuchezea kitu, chezea Virginia na kavendishi. Burley iache chini ya robo mpaka uzoee.

Hatua ya nne wengi wanairuka, na mimi naiona ndiyo inayotofautisha mchanganyiko na rundo la majani. Kandamiza. Pulizia maji safi kidogo mpaka majani yawe laini, yafunge kwenye karatasi safi ya kuokea, yaweke katikati ya vibao viwili, na juu weka ndoo ya maji iliyojaa. Iache mpaka kesho. Majani yanabadilishana unyevu na sukari, na kesho utatoa keki nyembamba unayoweza kuikata kwa kisu. Pukuchua keki yote irudi kuwa nyuzi.

Hatua ya tano, vanila. Hapa nisikilizeni vizuri.

Mnachotaka ni vanila iliyolowekwa kwenye kilevi, si mafuta. Chukua maganda mawili ya vanila, ya Bukoba au ya Uganda ni mazuri tu, yapasue katikati, yatumbukize kwenye mililita 100 za ramu nyeusi, ufunike na usubiri mwezi mzima. Arki ya dukani inafaa kama lebo inasema imetengenezwa kwa alkoholi. Yenye mafuta iache kwa ajili ya keki, maana mafuta yaliyochomwa hayana kazi mdomoni mwako wala kifuani. Marashi, udi, manukato ya nguo: usijaribu hata tone. Hivyo havikutengenezwa viingie mwilini.

Na karafuu? Swali hili lazima lije, hasa kutoka Unguja na Pemba. Ni kweli karafuu na tumbaku vinajuana. Karafuu nyingi za Zanzibar zimeishia Indonesia kwenye sigara zao za kretek. Lakini karafuu inatia ganzi ulimi na inatawala kila kitu, na kiko kikishaionja hakiisahau. Kwa mchanganyiko huu wa vanila mimi siiweki. Kuna pia mbegu ya tonka, ambayo zamani ilitiwa sana kwenye tumbaku kwa harufu yake inayokaribia vanila. Ina kumarini, kemikali ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1954. Iacheni.

Pima mililita 2 za ile ramu yenye vanila. Mbili tu. Tandaza tumbaku kwenye sinia, pulizia kidogo, geuza, pulizia tena, geuza, malizia. Fanya mbali na moto, kwa sababu ni kilevi. Acha wazi robo saa pombe iruke. Utahisi harufu ni hafifu na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Leo unanusa ramu, vanila bado haijatulia.

Hatua ya sita ni unyevu, na ndimi nyingi zinaungulia hapa. Tumbaku nyingi za kopo zinatiwa propilini glaikoli, kimiminika kinachoshika unyevu, ili zisikauke dukani. Matokeo yake haziwaki vizuri, mtu anavuta kwa nguvu, maji yanageuka mvuke na mvuke unauchoma ulimi. Yetu haina hiyo. Chukua kiasi cha ncha za vidole, kibane, kiachie. Kikibaki donge, ni mbichi mno, tandaza nusu saa zaidi. Kikivunjika vunjika, kimekauka, pulizia maji kidogo sana. Kikifunguka polepole kama kinanyoosha viungo, ndiyo hiyo.

Jaza mtungi bila kushindilia, funga, weka kabatini penye giza wiki mbili. Fungua kila baada ya siku chache unuse na uangalie. Ukiona manyoya meupe au harufu ya chumba chenye unyevu, ni ukungu, na mtungi wote unatupwa. Usichague yaliyo salama.

Baada ya wiki mbili tunavuta. Jaza kiko kwa mafungu matatu. Wavuta kiko wana msemo wa zamani: fungu la kwanza kandamiza kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Vuta bila moto, hewa ipite kwa ukinzani mdogo. Washa kwa kiberiti, zungusha moto juu ya tumbaku yote, itavimba na kuinuka. Ilaze taratibu kwa kichwa cha msumari mnene, kisha washa mara ya pili. Huo ndio moto wa kweli. Tumbaku ikikuzimikia katikati, washa tena, si aibu. Moshi unaishia mdomoni na unatoka. Vuta kidogo kidogo, na bakuli la kiko likikushinda kulishika kwa joto, liweke chini lipoe. Utamu wa Virginia unasikika kiko kikiwa kimepoa, karibu kinazimika. Ukikikimbiza hutauonja kamwe.

Ulimi ukiwaka hata ukivuta taratibu, punguza Virginia kwa gramu 10 na uongeze kavendishi kiasi hicho hicho. Moshi ukiwa mtamu lakini mwepesi kama hauna kitu, ongeza Burley gramu 5. Ukisikia uchungu mwishoni mwa kiko, mara nyingi kosa ni la sukari iliyoungua kwenye sufuria au kiko kisichosafishwa. Vanila usipoisikia kabisa, muulize aliyekaa chumba kimoja nawe kabla hujaongeza tone. Badilisha kitu kimoja kwa kila mtungi, na ubandike karatasi yenye gramu, mililita na tarehe. Kiko ukisafishe kikiwa kimepoa, usichomoe mrija kingali cha moto, utapasua shingo yake.