Mifupa Imeacha Kurefuka, Figo Bado Zinavuja

Mabibi na mabwana, kuna matege ambayo mtoto anapewa vitamini D, anaota jua kila asubuhi, na miguu inazidi kupinda. Moja ya sababu ni hipofosfatemia ya kurithi, XLH, yaani upungufu wa fosfeti kwenye damu. Jeni ya PHEX ina kasoro, mifupa inatoa homoni ya FGF23 kupita kiasi, nayo inazifanya figo zimwage fosfeti, madini yanayoukomaza mfupa, kwenye mkojo.

Akishafika miaka 18 huambiwa: umeacha kurefuka, acha dawa. Lakini jeni iko palepale. Mfupa hubomoka na kujijenga maisha yote, na ule mpya ukikosa fosfeti hubaki laini.

Mtu wa miaka 30 paja linamuuma akikanyaga. Tazama eksirei: mstari mwembamba mweusi umekata ukingo wa fupa la paja, kama ufa ukutani. Ni ufa ambao mfupa umeshindwa kuuziba, na ukiachwa, fupa linaweza kukatika. Meno je? Jipu huota kwenye jino lisilo na tundu.

Si kila mtu mzima ameze dawa. Asiye na maumivu wala ufa hufuatiliwa tu. Mwenye navyo, au anayesubiri upasuaji wa mifupa, hupewa dawa ya fosfeti yenye fosforasi miligramu 750 hadi 1,600 kwa siku, igawanywe mara 2 hadi 4 (dozi moja kubwa itamharisha), pamoja na kalsitrioli (vitamini D iliyo tayari kufanya kazi mwilini) mikrogramu 0.5 hadi 0.75. Asimeze na maziwa. Kalsiamu huikamata fosfeti tumboni.

Fosfeti peke yake bila kalsitrioli ni kosa. Huzichochea tezi za parathiroidi, zile za shingoni zinazotoa homoni ya PTH, na zikishazoea hazisikii tena. Wala tusikimbilie kuifikisha fosfeti ya damu kwenye kiwango cha kawaida: kupandisha dozi kwa ajili ya namba hiyo ndiko kunakojaza chokaa kwenye figo. Pima kalsiamu, PTH na mkojo, piga na altrasaundi ya figo.

Tangu 2018 ipo burosumab, sindano inayoizima FGF23 yenyewe: miligramu 1 kwa kilo kila wiki 4, isizidi 90. Vidonge vya fosfeti na kalsitrioli visimame wiki moja kabla. Bei yake, kwa kweli, inatisha.

Baba mwenye XLH huwarithisha mabinti wote, wa kiume hamrithishi hata mmoja. Binti yake apimwe mapema, kabla hajasimama, na majibu yasomwe kwa viwango vya umri wake. Fosfeti ya mtoto mchanga huwa juu kuliko ya mtu mzima. Ukitumia viwango vya wakubwa, mgonjwa ataonekana mzima.