Madigadi, keria na kikapu: funga baiskeli yako ibebe mzigo bila kulegea

Habari zenu ndugu zangu, popote mnaponitazama, Tanzania, Kenya, Burundi na kwingineko. Wazazi wangu, shikamooni. Leo niko uani hapa Utrecht, Uholanzi, na mbele yangu kuna baiskeli ya kawaida kabisa ya mjini. Kuna swali linajirudia sana chini ya video zangu: mbona baiskeli za huku zina kikapu mbele, keria nyuma, madigadi mbili kamili, na bado hazigongi-gongi barabarani? Jibu ni kwamba kila kilichofungwa hapa kina mguu unaoshuka hadi kwenye ekseli, au kimeshikwa na fremu yenyewe. Mzigo ukining'inia kwenye usukani au kwenye bomba la siti, kwanza utalegeza bolti, halafu utapinda chuma, na mwisho utavunja.

Vifaa ni vichache. Spana namba 8 na namba 10, spana namba 15 ya nati za ekseli ya nyuma, ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, koleo, msumeno wa chuma na tupa. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile za kikapu zilizojaa Dar es Salaam, nati za ekseli ya mbele mara nyingi ni namba 14, kwa hiyo uwe nayo pia.

Tunaanza na madigadi, kisha keria, kikapu mwisho. Ukianza na keria, miguu yake itakuzuia kunyoosha madigadi ya nyuma na utalazimika kufungua tena.

Kabla ya kununua, soma ubavuni mwa tairi. Kuna namba mbili zimetenganishwa na kistari, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Baiskeli nyingi za hapa ni 622. Zile za Japani za inchi 26 zenye tairi jembamba ni 590. Phoenix ya inchi 28 ni 635. Ya milimani ya inchi 26 ni 559. Ndiyo maana "nipe madigadi ya inchi 26" haitoshi dukani: 590 na 559 zote huitwa 26, na madigadi ya moja haifuati duara la nyingine. Upana wa madigadi uzidi wa tairi kwa milimita 8 au zaidi. Tairi la 37 linataka madigadi ya 45 hadi 50. Tairi la 50 linataka 60.

Sasa sogeeni muone nafasi kati ya tairi na madigadi. Hapa nimeacha milimita 12 hivi, kwa sababu njia za baiskeli za huku ni lami na matofali. Nyumbani msiige hii. Masika yakianza, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unajaza nafasi ya milimita 12 ndani ya mita chache, na gurudumu linagoma kabisa. Acheni 20, na kama foku inaruhusu, 25. Ikiwa chini ya breki hakuna nafasi hiyo, badilisha tairi liwe jembamba zaidi, usilazimishe madigadi.

Kufunga ni hivi. Gurudumu likae mahali pake, limekazwa. Chukua kipande cha ubao chenye unene wa nafasi unayoitaka, kiweke juu ya tairi, laza madigadi juu yake. Funga kwanza bolti ya juu, ile inayopita kwenye kichwa cha foku, lakini usiikaze. Halafu funga vyuma vya pembeni kwenye vitundu vyenye meno karibu na ekseli, navyo visikazwe bado. Sogeza ubao kuzunguka tairi, rekebisha mpaka nafasi iwe sawa kote, ndipo ukaze, kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, madigadi inavutwa na kuanza kusugua tairi. Chuma kinachozidi kikate, kilainishe kwa tupa, uvishe kofia ya plastiki. Ncha isiyolainishwa inachana mguu.

Hapa kwenye madigadi ya mbele naomba mnisikilize vizuri. Tazama hiki kidude cheusi mwisho wa chuma. Ni klipu inayoachia yenyewe chuma kikivutwa kwa nguvu. Kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi, gurudumu linakisukuma juu, madigadi inajikunja chini ya foku, gurudumu linasimama ghafla na mwendeshaji anarushwa mbele ya usukani. Watu huvunjika meno na mabega kwa ajali hii. Klipu ikiachia, madigadi inabanduka na gurudumu linaendelea kuzunguka. Ukinunua madigadi za plastiki, zitafute zenye klipu hizi mbele. Kama hazina, nafasi kubwa na chuma kigumu kisichoyumba vinapunguza hatari. Na usifunge kwa waya wa kuungaunga.

Chini ya madigadi ya mbele ongeza ulimi wa mpira unaofika kama sentimita 10 kutoka ardhini. Kipande cha tyubu ya gari kinatosha, bolti mbili na washa pana. Maji yanayolowesha viatu na kupeleka mchanga kwenye cheni yanatoka gurudumu la mbele, na ulimi huu mdogo unasaidia kurefusha maisha ya cheni.

Keria. Bolti za vitundu vya fremu nyingi ni M5, yaani milimita 5 tu, na hizo ndizo zinabeba mzigo wote. Mguu wa keria ugusane na fremu moja kwa moja, na chuma cha madigadi kikae nje yake. Ukigeuza mpangilio, au ukirundika washa katikati, mzigo unasogea mbali na fremu, bolti inapinda kwenye kila shimo la barabara na siku moja inakatika ikiacha kipande ndani. Tumia bolti yenye urefu wa milimita 16 kwenda juu pale keria na madigadi vinaposhirikiana kitundu. Upande wa cheni zungusha pedali polepole uangalie: ncha ya bolti ikitokeza ndani itagusa cheni kwenye gia ndogo. Ikate.

Keria ikae sawa na ardhi, na uzito uwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukirudi nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba. Keria za alumini za huku huwa zimegongwa namba ya uzito, mara nyingi kilo 25. Huo si uzito wa mtu mzima. Keria inayochomelewa na mafundi wa nyumbani kwa nondo, yenye miguu inayokaa kwenye ekseli, ile ya Shinyanga au Kisumu inayobeba abiria na magunia, imefuata kanuni sahihi na naiheshimu sana. Angalia jambo moja tu: baada ya kupanga keria, madigadi na stendi kwenye ekseli moja, nati lazima ishike meno yake yote. Ekseli ikiishia ndani ya nati, punguza kitu au weka ekseli ndefu. Na piga picha ya mpangilio kabla ya kufungua pancha.

Kikapu cha kuning'inizwa kwenye usukani kinafaa kilo 5 hivi, mkate na mboga. Zaidi ya hapo kinateleza, kinabana waya za breki, na gurudumu linageuka lenyewe ukiegesha. Chenye miguu miwili hadi ekseli ya mbele, kama zile za Japani, kinabeba vizuri zaidi. Hapa wengi huweka kreti ya plastiki juu ya keria ya mbele iliyoshikwa na fremu, kwa hiyo ukikata kona kreti haigeuki na usukani. Kreti ifunge kwa bolti nne za M6, chuma bapa juu na chini ya sakafu yake ili plastiki isipasuke. Vibanio vya plastiki si vya kudumu, jua linavikausha. Ukitaka kikapu cha ukindu, kitengenezee kwanza fremu ya waya mgumu, la sivyo kitalala kikiwa na mzigo na kuingia kwenye spoki.

Kabla ya kutoka, geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho uone waya hazivutwi, na taa haijafichwa na kikapu. Kaza bolti zote tena baada ya kilomita 50 za kwanza, maana rangi na plastiki vinashindiliwa na bolti zinalegea. Nati zenye pete ya nailoni ndani zinasaidia sana.

Andika hapo chini zile namba mbili za ubavuni mwa tairi lako na aina ya breki, nikuambie madigadi ya upana gani itaingia.