Namba 153: shika kalamu tuifuate

Karibuni. Leo hakuna kanuni ya kukariri. Tafuta kalamu na karatasi, na kikokotoo kama unacho, maana kuna kuzidisha kidogo.

Chagua namba nzima yoyote, kubwa kuliko sifuri, inayogawanyika kwa 3 bila baki. Huna haja ya kugawanya: jumlisha tarakimu zake, na jumla hiyo ikigawanyika kwa 3, namba yenyewe nayo inagawanyika. Mimi nachukua 12.

Sasa kila tarakimu ipeleke kwenye kipeo cha tatu, yaani 2 inakuwa 2 × 2 × 2, halafu jumlisha. Tazama ubaoni: 1 + 8 = 9. Jibu ulilopata lifanyie hivyohivyo. 9 inatoa 729. Kutoka 729 tunapata 343 + 8 + 729, jumla 1080. Halafu 1 + 0 + 512 + 0 = 513. Kisha 125 + 1 + 27 = 153.

Haya, ipitishe na 153 yenyewe: 1 + 125 + 27. Ni 153 tena! Rudia mpaka kesho, haisogei.

Simamisha video ufanye ya kwako. Ndefu isikutishe. Namba ya tarakimu nne haiwezi kutoa zaidi ya 4 × 729, yaani 2916, na zenye tarakimu tano na kuendelea husinyaa kila hatua mpaka zishuke humo. Zilizobaki zinahesabika, na zimeshakaguliwa: kila inayogawanyika kwa 3 huishia 153.

Ukifika kwingine, kuna mahali umekosea. Mimi mara ya kwanza niliandika 719 badala ya 729. Nikapata 1073, halafu 371, halafu 371, halafu 371. Nikajiona mvumbuzi! Kumbe 371 nayo hujirudia, ila 719 haigawanyiki kwa 3, na ukishatoka kwenye njia ile huwezi kurudi tena.

Kwa nini huwezi kurudi? Hapa ndipo patamu. Chukua tarakimu 5. Kipeo chake cha tatu ni 125. Toa 5, inabaki 120, ambayo ni 4 × 5 × 6. Namba tatu zinazofuatana haziwezi kukosa moja inayogawanyika kwa 3. Kwa hiyo 5 na 125 zina baki ileile ukizigawanya kwa 3, na tarakimu nyingine zote ni vivyo hivyo. Aliyeanza bila baki ataenda bila baki hadi mwisho. Mimi kwa kosa langu nilihamia kwenye baki 2, na 371 ina baki 2.

Ukiacha 1, zinazojirudia hivi ni nne tu: 153, 370, 371 na 407. G. H. Hardy, mwanahisabati Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba mambo haya yanafaa kurasa za mafumbo, hayana cha kumvutia mwanahisabati. Mimi hiyo baki inanivutia, potelea mbali.

Nyongeza ya harakaharaka: jumlisha 1 mpaka 17, unapata 153. Jumlisha faktoria za 1 mpaka 5 (faktoria ya namba ni kuzidisha namba zote kuanzia 1 mpaka yenyewe), yaani 1 + 2 + 6 + 24 + 120, unapata 153.

Kazi ya nyumbani: anza na 4, yenye baki 1. Utapita 64, 280, 520, 133, 55, 250. Ukiiona 133 kwa mara ya pili, weka kalamu chini.